Mizinga ya Loisi Ndani ya Mstari Mwekundu

Kwetu, milimani juu ya Gulwe, wanaopanda miti kurina asali ni wanaume. Jirani yangu Loisi alipofiwa na mumewe Elieza, mashemeji wakaitaka mizinga. Loisi akajifunga kanga kiunoni, akapanda mwenyewe. Asali hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yake Anitha mpaka chuo, Dodoma.

Msitu wetu tuliugawa wenyewe. Tuliuzunguka na maofisa wa misitu, tukakubaliana: kileleni, penye chemchemi, mtu asikate hata kijiti, katikati iwe mizinga na miti ya dawa, chini ng'ombe na kuni. Wafugaji waliokuwa wakichungia juu walishusha mifugo yao kiangazi kikiwa kikali, maana wote tuliona maji yanapungua.

Kisha wakaja wapaka alama. Rangi nyekundu, ya marufuku, ikashuka kutoka kileleni hadi karibu na mashamba yetu ya mtama. Mizinga ya Loisi ikawa ndani. Alipokwenda kuuliza ofisi ya misitu, akaambiwa mipaka imeboreshwa. Imeboreshwa! Neno hilo linanichefua mpaka leo.

Haikupita muda, askari wa misitu wakaiangusha mizinga yake na kuichoma moto, nyuki wakiwamo. Loisi alifika moshi ungali unafuka. Alizoea kusikia mvumo wao tangu mbali. Siku hiyo, aliniambia, palikuwa kimya hata akaogopa.

Katika ukimya ule akasikia mashine. Akaufuata mlio mpaka kileleni kwenyewe. Greda lilikuwa linachonga barabara ya kwenda kwenye kambi ya watalii ya mwekezaji mmoja, na miti yenye rangi nyekundu imelazwa huku na huku.

Alishuka akabisha hodi nyumba kwa nyumba. Kesho yake asubuhi wanawake tukapanda, tukaketi mbele ya greda. Dereva akazima, akaenda kukaa kivulini. Ofisa misitu akafika na pikipiki.

"Shikamoo, mama. Tafadhali ondokeni, hili ni eneo la hifadhi."

"Marahaba," alijibu Loisi. "Nyuki wangu waliharibu nini humu ambacho dude hili halijaharibu?"

"Mama, huu ni mradi wa maendeleo."

"Nilichokatazwa mimi, huyo mwekezaji karuhusiwa na nani? Nijibu hilo kwanza."

Ofisa akampa mgongo, akapiga simu. Hatukuondoka siku hiyo, wala iliyofuata.

Hatimaye wakubwa wakaja kutoka wilayani. Mkutano ukaitishwa, mwekezaji akaambiwa atafute kwingine, na mstari ukarudishwa pale tulipokubaliana. Watu wakapiga makofi. Kiongozi wa msafara akamwomba Loisi atoe neno la shukrani.

Akasimama. "Shukrani ya nini? Mmenirudishia changu. Waliochoma nyuki wangu wako wapi?"

Kiongozi akasema suala hilo litafanyiwa kazi.

Halijafanyiwa kazi. Hakuna aliyeulizwa, hakuna aliyeomba radhi. Loisi ametundika mizinga mingine, na mingi bado haijaingia nyuki. Yule ofisa yuko kazini vilevile. Wakikutana njiani humwamkia kwa heshima zote. Loisi huitikia, kisha humuuliza tena wako wapi waliochoma. Ofisa hutazama saa yake, akapanda pikipiki.