Springi Aliyoibadilisha Raili

Siku za kazi Raili Hakkarainen alikuwa fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe, na siku za mapumziko alikuwa fundi wa bastola za watu. Hakukiomba cheo hicho. Katika klabu yetu ya kulenga shabaha huku Kainuu, Ufini, ukishaonekana una mkono mwepesi wa bisibisi, umekwisha. Huyu anakuletea ala ya kiunoni inayong'ang'ania bastola, yule mkanda unaolegea akikimbia, na kila mmoja anaapa ni jambo la dakika moja tu. Wanaondoka usiku unaingia, na kahawa yako wamekunywa.

Asikudanganye mtu, mchezo wetu ni ugonjwa wa vifaa. Unakimbia kutoka kona hadi kona, shabaha za karatasi unazipiga mbili mbili, magazini, kile kisanduku cha risasi, unaibadilisha ukiwa mbioni, na saa haikuonei huruma. Mtu akishindwa hasemi kitambi kimekua. Atasema kifyatulio chake kizito. Basi kila mtu anatafuta kifyatulio laini, kile ambacho kidole kikiwaza tu, risasi imeshatoka.

Mzee Taisto Kervinen peke yake ndiye aliyekuwa hajaambukizwa. Bastola yake ya Kicheki ilikuwa vile vile ilivyotoka kiwandani, na ala yake ya ngozi aliishona mwenyewe. Vijana wakimtania anawajibu, "Chekeni tu. Maziwa hayaongezeki kwa sababu umenunua ndoo mpya." Ndiye aliyemfundisha Raili kushika bastola, na ndiye aliyeanza kusawazisha machimbo ya zamani ya kokoto mpaka yakawa kiwanja chetu. Uzee wake aliuwekea sharti moja, na kila mtu alilijua: siku kidole chake kitakapomwasi, anaacha, haombwi abaki.

Mwaka ule alikuwa anakaribia kuingia timu ya taifa ya wazee. Yalibaki mashindano ya mwisho, tena nyumbani kwetu. Raili akamwandama.

"Mzee, lete hiyo bastola nikulainishie. Unabeba jiwe la kusagia wewe."

"Niache na jiwe langu, mama."

"Yangu nimeifanya hivyo hivyo. Nimebadilisha springi, nikakisugua kile kijino kinachoshikilia nyundo inayoigonga risasi. Inateleza kama siagi! Jaribu uone."

Taisto akaijaribu ya Raili ikiwa tupu, akainua nyusi. "Iko salama?"

"Ala! Mimi nitakupa kitu kibovu, mzee wangu?"

Mzee akampa yake. Jioni ile Raili akaifungua, akasugua, akabadilisha springi, akaifunga. Kisha akaanza kuijaribu bila risasi. Alipoiachia sehemu ya juu ya bastola, ile inayoteleza nyuma na mbele, ijifunge kwa kishindo, nyundo ikaanguka yenyewe. Tak! Akarudia, haikuanguka. Akarudia tena na tena, kimya. Hapo ndipo alipopaswa kuirudisha ile springi ya zamani, na alijua vizuri kwamba anapaswa. Lakini alikuwa ameshajisifu, na alitamani kumwona mzee akicheka kwa furaha. Akajiambia, ah, ni mimi nimekigusa kifyatulio. Akaipaka mafuta, akaifunika.

Siku ya mashindano mbu walikuwa wengi, na watu wengi zaidi. Taisto alianza vizuri ajabu. Kila akimaliza kituo kimoja cha kupigia shabaha anamtafuta Raili kwa macho na kumwinulia dole gumba, na Raili anavimba kichwa. Kwenye kituo cha karibu na mwisho, mzee alitupa magazini tupu, akasukuma nyingine, sehemu ya juu ikajifunga, na bastola ikalia. Pa! Risasi ikachimba kokoto mbele yake, mahali pasipo na shabaha yoyote.

"Simama!" Mwamuzi, Osmo Tiihonen, alikuwa ubavuni mwake, maana kwetu mwamuzi hukimbia bega kwa bega na mpigaji. "Toa magazini. Nionyeshe tupu. Funga. Weka kwenye ala." Akashusha pumzi. "Pole sana, mzee. Risasi imetoka ukibadilisha magazini. Umetolewa."

"Kidole changu kilikuwa kwenye kifyatulio?" Taisto akauliza.

"Sikukiona, ulikuwa umenipa mgongo. Lakini itakuwa nini kingine?"

Taisto aliutazama mkono wake wa kulia kama mkono wa mtu mwingine. "Basi ndiyo siku yenyewe," akasema. "Nilishasema."

Watu wakamzunguka. Mmoja akamshika bega, mwingine akamwambia hata bingwa wa taifa aliwahi kutolewa, wa tatu akataka kumpa bastola yake aitumie msimu ujao. Ndivyo tulivyo, tunashindana mpaka mtu aanguke, akianguka tunamgombania kumwinua. Na desturi yetu ni kwamba aliyetolewa haendi nyumbani kununa. Anabaki kuwabandikia wenzake matundu ya shabaha mpaka wa mwisho apige. Taisto akaomba bunda la vibandiko, akaenda kufanya kazi.

Raili alikuwa amesimama kando. Yeye alijua ni nini kingine. Ile tak ilikuwa masikioni mwake wazi kabisa. Na bastola iliyoning'inia kiunoni mwake ilikuwa na springi ile ile na kijino kilichosuguliwa kwa msasa ule ule. Akisema, Taisto hasamehewi, maana sheria husamehe kipuri kilichovunjika chenyewe, si kilichochezewa. Lakini mzee atajua kwamba mkono wake hauna kosa. Ila akisema, na ya kwake itakaguliwa. Naye alikuwa anaongoza wanawake wote, amebakiza kituo kimoja tu.

Nitasema baadaye, akajiambia. Nikimaliza tu. Kitu gani kitaharibika katika nusu saa?

Wakaita jina lake. Osmo akasimama ubavuni pake na saa mkononi. Ikalia. Raili akakimbia, akapiga, akabadilisha magazini kwenye kona, na sehemu ya juu ikajifunga. Bastola haikulia. Akamaliza, watu wakapiga makofi. Taisto akapita na vibandiko vyake, akazikagua shabaha moja moja, akarudi anatabasamu.

"Zote katikati! Jamani, huyu mtoto wangu! Angalau leo umenipoza moyo."

Raili akasema ahsante. Lo! Neno dogo namna ile! Alijichukia pale pale, aliposimama.

Mambo yakaisha, moto ukawashwa, soseji zikageuzwa, kahawa ikamiminwa. Jina la Raili likasomwa la kwanza. Akapewa kikombe cha ushindi, akakiweka chini ya benchi kama mtu anayeficha uchafu. Soseji yake ilipoa kwenye karatasi. Mara tatu alifungua mdomo, na kila mara mtu akampongeza, naye akaufunga.

Kisha Taisto akaja na mkoba wa bastola yake, akaulaza mapajani mwa Raili.

"Chukua. Umeishughulikia vizuri, sitaki ioze kabatini. Iwe ya klabu, wageni wanaoanza wafundishiwe nayo. Mimi nimemaliza."

Wageni wanaoanza! Watu ambao hawajui hata mtutu uelekee wapi. Raili akauona mkoba ule ni moto, akasimama nao.

"Hakikuwa kidole chako," akasema.

"Achana na maneno ya kufariji, Raili."

"Hakikuwa kidole, mzee! Ni springi. Nilipoijaribu nyumbani nyundo ilianguka yenyewe, mara moja. Nikajifanya sikuona. Nilitaka unisifu." Kila mtu karibu na moto akageuka. "Na yangu ni hivyo hivyo. Osmo, futa jina langu. Nisamehe, mzee. Kosa ni langu lote."

Taisto akauchukua mkoba wake taratibu. Akaukunja na kuukunjua mkono wa kulia, na kwa kitambo uso wake uling'aa kabisa, hata Raili akadhani yamekwisha.

"Umejua lini kwamba ni springi?" mzee akauliza.

"Pale pale ulipotolewa."

"Kabla hujapiga kituo chako?"

Angeweza kudanganya. "Kabla," akasema.

Taisto akageuka, akamtazama Osmo aliyekuwa na kikombe cha kahawa mkononi, ambaye naye sasa alikuwa anaelewa. Akarudisha macho kwa Raili.

"Springi ni ufundi, na ufundi hukosewa. Hilo ningekusamehe hata kabla hujamaliza kuniambia. Lakini ulijua, ukajaza risasi, ukamwacha Osmo akimbie bega kwa bega na wewe." Hakupaza sauti. "Hilo hukufundishwa na mimi."

"Mzee wangu..."

"Mimi nitarudi kupiga wiki ijayo. Mkono wangu mzima, ahsante kwa kuniambia. Ila siku ukisimama mstarini wewe, mimi sitakuwa karibu; nitakuwa kwenye gari langu."

Akaaga watu wote kwa kuwashika mikono, mmoja mmoja, kama kawaida yake. Alipomfikia Raili akampa mkono pia, na Raili akaushika ule mkono usio na kosa, asijue auachie vipi.