Sifuri Iliyokuwa Inasubiri

Miaka ile soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, Mwanza ilijaa friji na televisheni za mtumba, na umeme wetu ukaziua moja baada ya nyingine. Unakatika, halafu unarudi kwa nguvu na kuunguza kila kilichoachwa kimechomekwa. Karakana yetu ndogo kule Ilemela iliishi kwa maafa hayo: tulitengeneza vidude vya kulinda friji. Mimi nililehemu, mdogo wangu wa kiume akavijaribu.

Kwa majaribio hayo tajiri wetu, mwenye karakana, alinunua mashine inayotoa umeme kwa volti unazotaka. Mdogo wangu aliipangia hatua: kaa sifuri, subiri, ukipata amri, ruka mpaka mia mbili themanini, tulia kidogo, shuka mia mbili thelathini, kisha rudi sifuri. Yaani alikuwa ametia vituko vyote vya umeme wa Mwanza ndani ya boksi moja. Amri ilitolewa kwa pedali iliyokuwa sakafuni chini ya meza, kama ya cherehani. Mwenzetu mmoja aliketi hapo, mguu tayari, akingoja mdogo wangu aseme "haya" ndipo akanyage.

Niliichukia ile sifuri. Sisi tuliokulia kwenye umeme wa kukatika tuliijua kwa maana moja tu: umeme hakuna. Mdogo wangu akiiona kwenye kioo cha mashine, alishika nyaya kwa mikono mitupu na kubadilisha kidude bila kuzima mashine.

"Zima kwanza," nilimwambia kila siku.

"Dada, si unaona hakuna kitu?"

"Hakuna kwa sasa. Hiyo inasubiri."

Alicheka. Alikuwa na kichwa kigumu, na mimi nilikuwa na mdomo. Tulizozana hivyo mpaka wenzetu wakatuzoea.

Baba alikuwa mfugaji kule Buswelu na hakuwahi kukanyaga kazini kwetu. Mdogo wangu alikuwa amembembeleza wee, aje aone. Asubuhi moja akatokea kweli, akasimama mlangoni, kofia mkononi. Mwenzetu wa pedali, kijana aliyelelewa vizuri, hangeweza kumwamkia mzee akiwa ameketi. Akainuka upesi, na uzito wake wote ukaenda kwenye mguu uliokuwa juu ya pedali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, hamjam..."

Mdogo wangu alikuwa ameshika nyaya mbili, mmoja kila mkono. Hakupiga kelele. Alikakamaa, akaanguka na kiti chake. Nilipoifikia swichi, mashine ilikuwa imeshamaliza hatua zake zote na kurudi sifuri. Nilitamani kuipondaponda kwa jiwe. Tulimpakia kwenye pikapu kumkimbiza hospitali, akakata roho njiani.

Msibani mwenzetu alijikunyata pembeni ya mkeka, sahani yake haijaguswa. Alijua alichokanyaga, na mimi nilijua. Baba hakujua habari za pedali. Yeye aliona tu kijana akiinuka kumwamkia kwa adabu. Nilimwomba Mungu asiulize. Jioni akaniita.

"Mwanangu, mdogo wako aliniambia ile mashine haifanyi kitu mpaka iamriwe. Nani aliiamuru?"

Nilimtazama mwenzetu. Alikuwa amesikia, ameinamisha uso mpaka magotini. Nilikuwa na hasira naye, nilikuwa na hasira na marehemu pia, lakini aliyekuwa mbele yangu alikuwa baba.

"Iliharibika, baba. Ilijiwasha yenyewe."

Aliizungusha kofia yake mikononi.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilipita kwa jirani, wakanishika ninywe uji. Ningewahi kidogo tu, kabla haijajiwasha, mwanangu angeziacha zile nyaya, akainuka kuniamkia."

Kwa maisha yake yote yaliyobaki baba aliulaumu ule uji, nami nikamwacha aulaumu.