Kumi ya Fundi Sekunde

Fundi Sekunde hakuwahi kuvaa saa. Alisema saa ni ya watu wasiojua kuhesabu, na kwa kuwa ulimi wake ulikuwa mkali, hakuna aliyembishia. Kwa miaka ishirini na miwili alitunza pampu sita za kituo ambapo wenye magari hutumbukiza sarafu na kujioshea wenyewe. Kituo kilikuwa cha dada yake. Dada alipofariki kikawa cha binti yake, aliyemwita mjomba na kumwogopa kidogo.

Kila pampu ina banda lake na kisanduku chake ukutani, na ndani ya kisanduku mna rilei, kidude cha ukubwa wa kiberiti ambacho kazi yake ni kusubiri. Dereva akiachia mpini wa kunyunyizia, rilei huiacha pampu ingurume sekunde kumi zaidi, maana huenda mtu anahamia tairi la pili tu. Zikiisha, huizima. Ikichelewa kuizima, maji yasiyo na pa kwenda huzunguka humo humo hadi yachemke, yakaunguza mipira ya kuzuia uvujaji.

Rilei zenyewe zilikuwa za bei rahisi na alama zake za sekunde za kubabaisha. Kwa hiyo fundi alizungusha kitufe cha muda kwa bisibisi, akaachia mpini, akafumba macho na kuhesabu kwa mdomo. Pampu ikizima kwenye kumi, alifunga kisanduku. Miaka nenda miaka rudi haikuungua pampu hata moja, na kiburi chake kilikuwa cha haki.

Mwaka huu mipira ilianza kuungua. Banda la pili, la tano, kisha la pili tena.

"Mipira ya siku hizi ni feki," alisema, akaibadilisha huku akiwatukana walioitengeneza. Akazipanga upya rilei zote, kwa uangalifu zaidi, na banda la nne nalo likaungua. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani angemwambia?

Ikabidi mpwa wake amwambie. Muuza pampu alikuwa tayari kuleta fundi wake, na ikiharibika moja zaidi, mjomba angekaa nyumbani. Asubuhi moja akamfuata kwenye banda la nne, simu mkononi.

"Mjomba, hebu hesabu mpaka kumi, nisikie."

"Unanipima?"

"Nakupima, ndiyo. Nisamehe."

Akahesabu. Alipotamka kumi, simu ilionyesha sekunde kumi na sita.

"Simu yako mbovu hiyo."

Wakarudia mbele ya saa ya ukutani ofisini. Kumi na sita tena. Mzee aliukodolea macho ule mshale. Yeye hakusikia chochote kimebadilika. Moja yake ilikuwa moja ileile ya siku zote. Aliona aibu, halafu akaogopa, na alishindwa kuficha vyote viwili.

"Sasa nani atazipanga?"

"Wewe, mjomba. Mimi nitashika saa."

Wakazunguka visanduku vyote sita. Mpwa aliachia mpini, akatazama simu, na sekunde kumi zilipotimia akaita, "Sasa!" Fundi alirudisha kitufe kidogo kidogo mpaka pampu ikazima pamoja na sauti ya mpwa. Kazi ilikwenda vizuri. Ila midomo ya mzee ilikataa kuacha kuhesabu, na kila mpwa alipoita "Sasa!", yenyewe ilikuwa bado iko kwenye sita.