Mioyo Thelathini na Moja

Fundi friji wa ghorofa ya chini huandika kwa kidole gumba kimoja, chenye kucha iliyovunjika, na huibonyeza simu kana kwamba anakaza skrubu. Katika kundi la majirani la mtandaoni, analolisimamia yeye, wanamwita Mzee wa Rungu, kwa sababu wakizidisha utani huwatoa bila kuaga, kisha huwarudisha kesho yake, naye bado amenuna. Leo binti wa ghorofa ya tatu ameandika kwamba friji lao limezimika, na dawa ya sukari anayojidunga mama yake itaharibika kwa joto. Mioyo myekundu thelathini na moja imemiminika. "Pole, jirani." "Tuko pamoja, mwamba." "Niko siti ya mbele, nipisheni." Fundi amesoma hayo akiwa kwa mteja, amelala ubavu nyuma ya friji, na damu imemchemka. Amerekodi sauti: "Jengo zima lina mafriji, na hakuna aliyefungua mlango. Fungueni sasa hivi, wanangu, kabla sijafika."

Binti ameusikiliza ujumbe huo ngazini, akiwa ameikumbatia dawa kifuani. Milango minne imefunguliwa kwa mpigo, kila mwenye nyumba akidai kwake ndiko kwenye baridi zaidi. Fundi anapanda na mkoba wake, jasho likimtiririka, na hamsalimii mtu. "Mlikuwa mnasubiri matusi?" anafoka, na anaendelea kufoka hadi ndani, hadi nyuma ya friji bovu. Mama mgonjwa anamwomba apunguze sauti. "Sipunguzi, mama," anajibu, huku akimsogezea kiti kwa mguu ili asisimame.