Mkono wa Kasulu na Mkono wa Kibondo

"Hii ndiyo klabu ya kwanza ya kupiga kafi katika historia ya eneo hili!" Mshereheshaji alisema hivyo kwenye kipaza sauti, chini ya bango lenye maneno hayo hayo, akarudia, kisha akaomba makofi. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa Malagarasi, upande wa Kasulu, jaketi la kujiokolea limenibana kifuani. Nilitazama ng'ambo, upande wa Kibondo, nikaona wazee ambao walikuwa wakipiga kafi kwenye mto huu kabla huyo kijana wa kipaza sauti hajazaliwa. Nao walikuwa wanapiga makofi. Hapo hasira ikanipanda, rafiki yangu, na haijashuka hadi sasa ninapoandika.

Mimi si mtu wa kelele. Niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea mwenyewe, na kujisomea kumenizoesha kulipanga jambo kuanzia mwanzo wake. Basi niruhusu nianzie huko.

Kivuko chetu kiko mbali na barabara kubwa, na nilipokuwa msichana mdogo hapakuwa na daraja. Palikuwa na mtumbwi mmoja wa gogo, mrefu, mweusi kwa uzee, na mvushaji mmoja mwenye kikohozi kilichosikika kabla yeye hajaonekana. Ukitaka kwenda gulioni, kumzika ndugu au kumfikisha mgonjwa hospitali ya Kabanga, ulimpitia yeye. Asubuhi ukungu ulilala juu ya mafunjo, na tulijua mtumbwi unakuja kwa sauti ya kafi ikigonga ubavu wa gogo.

Ugomvi ulikuwa mmoja tu: mtumbwi ulale upande gani. Ukilala Kasulu, watu wa Kibondo waliita asubuhi hadi sauti zikawakauka, na wetu wakawa wanajivuta makusudi. Ukilala Kibondo, na wao walilipiza. Ikafika siku mama mmoja mjamzito akasubiri ng'ambo hadi akajifungulia kwenye mafunjo. Mtoto alipona. Bibi yangu, aliyekuwa mkunga, alivuka kwenda kumwona, akarudi amekunja uso kwa namna ambayo sikuwahi kuiona tena.

Pande zote mbili zilipokutana kulizungumza jambo hilo, wanaume walitaka kufuli na mnyororo. Bibi akawauliza, "Na ufunguo alale nao nani?" Ndipo akatoa shauri lake. Watoto wote wa upande wa Kasulu wafundishwe kupiga kafi kwa mkono wa kulia tu. Watoto wote wa upande wa Kibondo wafundishwe kushoto tu. Kila ubao wa kukalia ndani ya mtumbwi uwe na watu wawili, mmoja wa kila upande. Ukiwachukua watu wa upande mmoja peke yao, mtumbwi utazunguka kama kuku mwenye kideri. Hakuna upande ungeweza kuondoka nao bila mwenzake.

Walicheka, kisha wakakubali. Mimi ni wa kundi la kwanza la watoto waliofundishwa hivyo.

Tulifundishwa nchi kavu. Nyuma ya jiko la bibi palikuwa na gogo la mti lililoanguka, nasi tulilikalia kwa mstari, kila mmoja na fimbo yake upande wa kulia. Bibi na jirani yetu walisimama kwenye kinu kimoja wakitwanga udaga kwa kupokezana. Mchi wa bibi ukishuka, tunachoma fimbo chini kana kwamba ni kafi majini. Mchi wa jirani ukishuka, tunaitoa. Unga ulipanda puani, ule uchachu wa muhogo uliovundikwa, na jua lilituchoma visogo. Anayeharakisha aliitwa kwa ukali: "Yewe! Unaukimbiza mchi? Una meno?" Tukimaliza, unga ule ule ulisongwa ugali, tukala na maharage yaliyoungwa kwa mawese, vidole vikageuka rangi ya machungwa. Hadi leo nikisikia mtu anatwanga, bega langu la kulia huanza kuchezacheza lenyewe.

Ng'ambo nao walikuwa na gogo lao na kinu chao. Siku tuliyokutanishwa ndani ya mtumbwi kwa mara ya kwanza, nilipangwa ubao mmoja na msichana mwembamba mwenye kovu kwenye kidevu. Familia yake ilikimbia kutoka Burundi kabla yeye na mimi hatujazaliwa, ikalima upande wa Kibondo. Alininusa, akasema, "Unanuka udaga." Nikamjibu, "Na wewe unanuka kambare." Tukawa wenzi wa ubao kuanzia siku hiyo. Na wenzi wa ubao walikuwa na sheria moja, iliyosimamiwa na mvushaji kwa makofi ya kisogoni: asiye na mwenzake haingizi kafi majini. Anaiweka magotini, anasubiri.

Kutoka hapo ndipo klabu ilipokua, ingawa hatukuiita klabu. Alikuja mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka pwani. Alipoona watoto tunapinduka na mtumbwi kila siku, alichonga boya la mti laini, akalifunga kwa miti miwili pembeni mwa mtumbwi, kama ngalawa za kwao. Kivuko kizima kilicheka. "Mwalimu, mtumbwi wako umevunjika mguu? Mbona una gongo?" Masika yalipofika na mto ukajaa, mtumbwi wenye gongo ndio pekee uliovuka bila mtu kulowa, na waliocheka wakaja kuazima shoka. Ikachongwa mitumbwi mingine. Krismasi baada ya ibada tulishindana, mtumbwi kwa mtumbwi, lakini kila mtumbwi ulikuwa na mikono yote miwili ndani yake. Ukishinda, pande zote mbili zimeshinda. Ukishindwa, huna kijiji cha kutukana.

Baadaye walikuja watu wa Kongo, kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa. Wengine walikuwa wamezaliwa ufukweni mwa ziwa, wanaijua kafi kuliko sisi. Namkumbuka baba mmoja mwenye kofia ya majani aliyemwuliza bibi, "Mama, miye nikaliye gauche ao droite?" huku akionyesha kushoto na kulia.

Bibi akamwuliza, "Umekuja kwa njia ya upande gani?"

"Nimetokea kambini."

"Kambi iko Kasulu. Basi wewe ni wa kulia. Kaa."

Ndiyo yalikuwa mahojiano yote. Waliotoka Mtabila, kambi nyingine ya Kasulu, nao walipewa kulia. Mchuuzi aliyeshuka kutoka Kibondo mjini na baiskeli yake alipewa kushoto. Kila aliyefika alikuwa ametokea upande mmoja au mwingine, na kila upande ulikuwa na nafasi.

Daraja lilipojengwa, uvushaji ulikufa, kama ilivyotakiwa ufe. Mitumbwi ilianza kuoza juani. Aliyeizuia isiishe yote alikuwa yule mwenzangu wa ubao. Aliipaka lami, akaisukumia kivulini, akawafundisha watoto wa pande zote nyuma ya jiko lake kwa kinu na mchi, kulia kwa wa Kasulu, kushoto kwa wa Kibondo. Hakulipwa na mtu. Vijana waliovaa jezi siku hiyo ya bango walikuwa wanafunzi wake, karibu wote.

Sasa turudi kwenye siku hiyo. Mradi mmoja ulikuwa umeleta boti mbili ndefu, zenye kichwa cha joka mbele, mdomo wazi, na ngoma ya kupiga mtu akiwa amekaa mbele akiwaangalia wapiga kafi. Watoto waliziita mamba waliopakwa rangi. Ni boti nzuri, sitasema uongo. Boti moja ilipewa jina la Kasulu, jezi za bluu. Nyingine Kibondo, jezi za njano. Mimi naishi mjini Kasulu siku hizi, nikaalikwa kama mkongwe. Mwenzangu alivuka daraja kwa miguu kuja kujiandikisha kwenye timu ya Kibondo, amejifunga kitenge kipya.

Kijana wa mezani akamwambia, "Mama, kitambulisho cha taifa."

"Kinashughulikiwa, mwanangu."

"Basi kikitoka utapiga kafi."

"Kikitoka nitakuwa nimeshazikwa. Kitapiga kafi chenyewe."

Foleni nzima iliangua kicheko. Kijana hakucheka. Nikamwambia kwamba mama huyu amezaliwa ng'ambo ile, na kwamba bila yeye asingepata mtu hata mmoja wa kumvalisha jezi. Akanijibu kwa adabu, na adabu ile iliniudhi kuliko tusi. "Mama, hizi ni taratibu, siyo mimi. Wewe ingia tu, tunachelewesha programu."

Nilitaka kulivua jaketi. Mwenzangu akanisukuma begani. "Ingia, sha. Mmoja kubaki nje inatosha."

Nikaingia. Ngoma ikapigwa. Na ikatokea kile ambacho mtu yeyote wa kivuko kile angekwambia kitatokea, kama ungemwuliza. Boti ya Kasulu ilijaa watu wa mkono wa kulia. Waliopangwa kushoto walichota maji kama wanaokoroga uji, mmoja akamchapa jirani yake mgongoni kwa mpini. Boti ikageuka, ikageuka tena, ikaingiza kichwa cha joka kwenye mafunjo. Katikati ya mto, boti ya Kibondo ilikuwa inazunguka upande wa pili. Watu ukingoni walishika mbavu.

"Wanajifunza! Tuwape muda, bado wanajifunza!" alisema mshereheshaji.

Wanajifunza! Rafiki yangu, soma neno hilo taratibu kama nilivyolisikia.

Mle botini sisi tulikuwa tunacheka pia, kicheko cha watu wanaojijua. Msichana mmoja wa bluu akapaza sauti, "Nyie Kibondo! Leteni mkono wenu!"

"Leteni wenu kwanza, wezi wa mtumbwi!"

Boti zikavutwa zikakaa ubavu kwa ubavu. Nusu yetu wakahamia kwao, nusu yao wakahamia kwetu, bluu na njano zikachanganyika, kila mmoja akitafuta ubao wa mtu anayemjua. Haikuchukua muda. Kila ubao ukapata watu wawili, isipokuwa wangu. Timu ya Kibondo ilikuwa imepungua mtu mmoja, nawe unajua ni nani. Kushoto kwangu palikuwa wazi.

Nikasimama, nikapaza sauti kuelekea ukingoni, "Nafasi iko hapa! Mleteni!" Alikuwa amesimama majini hadi magotini, kitenge kimelowa. Mshereheshaji akasema programu iendelee. Ngoma ikaanza.

Nikaiweka kafi magotini.

Boti zilikwenda, tena zilikwenda kama zimerushwa, na hakuna tena aliyecheka. Mimi nilikaa nikiangalia mbele. "Mama wa bluu pale kulia, piga kafi!" kipaza sauti kiliniita mbele ya watu wote. "Mama amechoka jamani, umri huo. Mpeni makofi!" Walinipigia makofi. Wazee wa ng'ambo peke yao ndio walioacha mikono yao ikining'inia, kwa sababu wao waliijua sheria. Boti yetu ilifika ya pili.

Mgeni rasmi aliposimama, alisema amefurahi kuona jinsi wananchi walivyoelewa mafunzo kwa haraka. Bango lilipepea nyuma yake. Siku chache baadaye nilisikia kwamba timu zitabaki kama zilivyoandikwa, bluu ya Kasulu na njano ya Kibondo, na kwamba kocha ataletwa kuwafundisha watu kutumia mikono yote miwili.

Watafundishika, sina shaka. Baada ya muda kila upande utaweza kwenda peke yake, na hakuna atakayekumbuka kwa nini tulikatazwa. Mitumbwi ya gogo siililii sana, mti huoza. Bibi, mvushaji na mwalimu wamekwenda, na hilo pia nimelizoea. Kinachonikosesha usingizi ni swali. Bibi aliuliza, "Umekuja kwa njia ya upande gani?" akitafuta pa kukukalisha. Swali lile lile sasa limewekewa meza na kijana mwenye adabu, na mwenzangu, aliyezaliwa kwenye mto huu, amelijibu mbele ya meza kama hiyo maisha yake yote bila kuambiwa "kaa".

Jumapili iliyofuata nilikwenda kusali kanisa la kule kivukoni. Nilikaa katikati ya benchi, nikaacha wazi kushoto kwangu. Watu walizidi kuingia, na bwana mmoja mgeni akaniomba nisogee.

"Samahani, baba," nikamwambia. "Hapa pana mwenyewe. Anavuka."