Maua ya Buluu Chini ya Dirisha la Mama

Harufu ya majani mabichi yaliyokatwa na jembe hunipandisha hasira mpaka leo. Mniwie radhi. Wenzangu huwakumbusha mvua na mahindi. Mimi hunikumbusha babu yangu.

Miaka ya sabini tuliishi Mbeya, katika nyumba ya serikali. Chini ya dirisha la jikoni Mama alikuwa na mmea unaotambaa, wenye vijiua vya buluu visivyozidi kifungo cha shati. Alipoolewa aliubeba kutoka Tosamaganga, alikosoma, ndani ya kopo la maziwa. Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa cha serikali au cha Baba. Maua yalikuwa yake.

Babu, mzaa baba, alikuja kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi na maoni mengi. Siku ya pili, Baba akiwa kazini, akashika jembe.

“Maua hayaliwi,” alisema. “Hapa tutapanda viazi. Na majani haya yanafuga nyoka.”

Nilikuwa na miaka saba, na nyoka sikuwahi kumwona.

Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Mama alikuwa Mhehe, lakini mila ya ukweni aliishika kuliko wenyewe. Babu akikohoa tu barazani, yeye hujifungia jikoni. Jembe lilipopiga mara ya kwanza, alinishika bega.

“Kamwambie babu yako ni sawa, afanye alivyoamua.”

Nikatoka peku, nikasimama katikati ya maua.

“Babu, Mama amesema hapana.”

“Amesema nini?”

“Hapana. Usiguse hata jani moja.”

Uongo mtupu, na ulikuwa mtamu mdomoni. Babu akatazama dirisha. Kumuuliza hakuweza, mila ilimfunga na yeye. Akaegemeza jembe ukutani, akaenda kuota jua.

Jioni alimshtakia Baba kwamba mkewe ni mkali kama pilipili. Baba alishangaa sana, nadhani hata aliogopa kidogo. Mama hakukana.

Kwa miaka mingi nilijigamba kwamba mimi ndiye niliyeyaokoa yale maua. Nilipopata watoto wangu ndipo nilipokumbuka kwamba dada yangu mkubwa naye alikuwa jikoni asubuhi ile, akimenya ndizi. Mtoto mpole, mwenye kufikisha ujumbe neno kwa neno. Ndiye aliyetumwa kwa Babu siku zote. Siku ile Mama alimpita, akaja kunishika bega mimi, niliyejulikana mtaa mzima kwa mdomo.