Mafungu Ishirini na Saba

Watu huniuliza kwa nini mimi, profesa wa hesabu, nimehangaika kuandika vitabu vya hesabu vya watu wa kawaida. Wanataka niseme ni upendo. Ni hasira, na ilianzia Kasongo, enzi za Wabelgiji.

Mama yangu ndiye aliyegawa mirathi mtaani kwetu, kwa maharage juu ya mkeka. Alinifundisha hesabu moja ngumu: marehemu ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke thumni, yaani moja ya nane; mabinti theluthi mbili; kila mzazi sudusi, yaani moja ya sita. Ukilikata shamba lake vipande ishirini na vinne, havitoshi. Basi shamba hukatwa mafungu ishirini na saba, kila mmoja akapungukiwa kidogo.

Mwalimu wetu wa shule ya misheni alituagiza tulete hesabu za nyumbani. Nikaleta hiyo. Akaifanya ubaoni mbele ya padri mgeni, akakwama. Nikamtajia jibu. Padri akacheka, lakini hakunicheka mimi.

Kesho yake mwalimu alifuta jina langu kwenye orodha ya watakaopelekwa shule ya ualimu. Alisema mtoto wa Kiislamu hana haja ya masomo makubwa. Mama alikwenda kumsihi, akaachwa amesimama nje mpaka adhuhuri.

Nilikwenda kwa miguu hadi Kabambare kwa mjomba, nikasomea huko. Nilisoma kwa chuki. Nikawa mwalimu, kisha nikaandika kitabu kidogo cha hesabu kwa Kiswahili, na hesabu ya mama nikaiweka ukurasa wa kwanza. Shule zikakichukua, hata ile ya Kasongo.

Nikaalikwa pale. Yule mwalimu, sasa ana mvi, alinishika mkono mbele ya darasa lake.

“Huyu mutu njo nilimufundisha mimi mwenyewe,” akawaambia wanafunzi kwa Kiswahili cha kwetu. “Akili yake yote ilitoka hapa.”

Wanafunzi wakapiga makofi. Nilingoja wanyamaze.

“Hapana, mwalimu,” nikasema. “Wewe njo ulifuta jina yangu mu listi. Mama yangu njo alinifundisha.”

Aliuachia mkono wangu. Akatafuta kiti, akakaa, asiwaangalie wanafunzi wake.

Mama alipopata habari alinigombeza: mtu mzima haaibishwi mbele ya watoto. Nikamwitikia, nikainamisha kichwa, ili asione kwamba nacheka.